Sanda ya Bibi na Kisomo cha Ijumaa

Kibiti, nyumbani kwa Mwalimu Tausi,
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum, wewe na wote walio chini ya paa letu hapo Mloka. Naanza na wewe kwa kuwa ndiye msomaji. Kile kifua ulichokuwa ukikohoa tangu mvua zianze, kimepoa? Bibi yenu, mama mkwe wangu, mpe shikamoo yangu. Magoti yake vipi, anakula au anachezea chakula tu? Kaka yako Shabani hajambo? Mwambie mama yake anamsalimu, hata kama amenuna, kununa hakukatazi salamu. Na mkewe Rehema, na hiyo mimba yake ya miezi sita, mtoto anacheza tumboni? Mwambie nimemtaja kwa jina lake. Na mwanao Sofia, jino la mbele limeota au bado anaongea kwa upepo? Na yule kuku wangu mweusi, kama ameshaatamia msimwondolee mayai.

Mie huku mwili haujambo. Kula nakula, kulala nalala kidogo. Moyo ndio haupo mahali pake.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Zuhura, simu ya nyumbani anaishika Shabani, na akiifungua spika hata mbuzi wa jirani wanasikia. Neno nililonalo ni la masikio yako mawili tu. Kwa hiyo nimenunua karatasi nikakaa barazani, na mwandiko utauvumilia, mie darasa la nne sikulimaliza. Anakuletea Mama Asha muuza dagaa, anapanda basi kesho Jumanne. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe mtu mwingine hata akiambiwa umekufa. Panda nayo kwenye dungu letu shambani, uisome huko huko juu, peke yako.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nilipofika pale uliposema sanda ya Bibi haimo sandukuni, niliketi chini. Ile sanda naijua. Bibi yenu aliinunua mwenyewe mwaka aliokufa babu yenu, bafta nyeupe, akaikunja pamoja na pamba na karafuu maiti na chupa ya marashi, akasema, "Mie sitaki kufa halafu watu wakimbizane madukani." Kila Ramadhani ikikaribia anaitoa, anaianika, anairudisha. Mtu mzima aliyejiwekea sanda yake hulala vizuri. Sasa unanambia kila alfajiri analia, "Nimeibiwa, nitazikwa uchi," na mie huku nasikia kama nipo chumba cha pili.

Ukasema kufuli ni zima, ufunguo uko pindoni mwa khanga yake kama siku zote, na anayemwogesha na kumvisha ni Rehema, basi mwizi ni nani kama si Rehema. Ukasema watu wananong'ona kwamba sanda ya mtu aliye hai haiibwi bure, inaibwa kwenda kufanyiwa mambo. Ukasema alipoletwa Ustadhi na msahafu, Rehema akaambiwa, "Weka mkono useme: mkono wangu huu haukuigusa sanda ya Bibi." Akaurudisha mkono nyuma, akasema, "Hilo siwezi kulisema." Watu wote wakapiga kelele, "Kajitaja!" Na Shabani amesema Ijumaa hii baada ya swala isomwe Halbadiri, imshukie aliyeitoa sanda sandukuni, kisha Rehema arudishwe kwao milimani Umatumbi na mimba yake.

Nitakwambia kweli, kwa sababu kwenye karatasi mtu haonekani uso. Siku mbili za mwanzo na mie nilimtia hatiani. Nilikuwa nasuka ukili hapa huku nasema moyoni, si nilisema? Si nilimwambia Shabani aoe Mndengereko mwenzake, hawa wa milimani hatuwajui? Nilisuka ukili nikamhukumu mtoto wa mwenzangu, na ukili wenyewe ulitoka vibaya nikaufumua.

Kilichonirudisha nyuma ni kitu ambacho utakicheka. Nivumilie nikieleze, maana bila hicho hutaniamini.

Mwalimu Tausi unamjua kwa jina. Ndiye aliyefundisha hapo Mloka zamani akanifundisha herufi, na siku babu yako mzaa mama alipokuja kunitoa shule, yeye ndiye aliyelia, mie nilifurahi nikidhani nakwenda kucheza. Leo mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Nilikuja kumwangalia mwezi mmoja, mvua zikakata barabara, huu ni wa saba. Asubuhi nafagia, nachemsha uji, nakwenda sokoni. Ikishaswaliwa alasiri ananiita, "Mwanahawa, lete kitabu."

Ni kitabu kimoja kizee, jalada halina, mchwa wamekula pembe. Ndani ni hadithi fupi fupi za upelelezi, za zamani, za nchi za baridi ambako watu wanavaa makoti hadi ndani ya nyumba. Mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtu anayevuka tope la bondeni, mguu mmoja mmoja, Mwalimu ananingoja. Sasa naenda mbio. Zuhura, nimezipenda hadithi hizo mpaka naona haya. Nikiwa napara samaki najiuliza, yule mwenye shamba alikufaje na mlango umefungwa kwa ndani?

Zote zinaanza vibaya. Mtu amekufa, au kitu cha thamani kimepotea, na kila aliyemo ndani ya nyumba ana sura ya mwizi. Halafu anakuja mpelelezi. Huyo hapigi mtu, hafokei mtu. Anaomba chai, na chai inapoa kwa kuwa yeye anatazama viatu vya watu. Anauliza mambo ya kipuuzi, dirisha hili hufunguliwa saa ngapi, nani alikula hapa. Mie nilikuwa nashindwa kuvumilia, narukia ukurasa wa mwisho kimyakimya, lakini Mwalimu anasikia karatasi.

"Wewe! Unakwenda wapi?"

"Mwalimu, nataka kujua tu kama yule mpishi anapona."

"Ukishajua utasoma nini? Rudi. Haya nambie, unamdhania nani?"

"Namdhania mke mdogo."

"Mwanahawa, hadithi ya saba hii, na zote saba umemshika mke mdogo! Wewe ungekuwa polisi, wake wadogo wa Kibiti yote wangelala ndani."

"Mwalimu, ungekaa na mke mwenza miaka miwili kama nilivyokaa mie, na wewe ungemshika."

Tunacheka mpaka jirani anauliza kuna nini. Lakini ni kweli, sikuwahi kupatia hata mara moja. Kila ninayemchukia tangu mwanzo, mwisho hana hatia.

Ipo moja sitaisahau. Vijiko vya fedha vya tajiri mmoja vimepotea kabatini, na katika nyumba kuna mpishi mgeni, ana wiki mbili tu. Wote wamemgeukia, mwenye nyumba ameshaita askari. Mpelelezi akafungua kabati akatazama pale palipokuwa na vijiko. Vumbi. Vumbi limelala pale pale vilipokuwa vikikaa, jembamba, sawasawa, vumbi la miezi. Akasema vijiko hivi viliondoka kabla mpishi huyu hajaijua hata njia ya kuja hapa. Na mwenye nyumba, mtu mkubwa, akasimama akamwomba radhi mpishi wake mbele ya watu wote.

Hapo nilirudia ukurasa ule mara ya pili. Unajua ninazipendea nini hadithi zile? Wala si kukamatwa kwa mwizi. Mle ndani kila kitu kina sababu yake, kijiko hakichukuliwi na jini. Na yule aliyesingiziwa, mwisho anaombwa radhi. Huku kwetu, Zuhura, umeona nani akiombwa radhi? Mtu akishanong'onwa basi, hata mwizi akipatikana yeye anabaki na harufu yake.

Mwalimu ana neno lake ananambia kila siku: "Watu wote hutazama kilichokosekana. Wewe tazama na kilichobaki." Nikamkumbuka marehemu baba yenu. Asubuhi tembo wakishapita, watu wanapiga mayowe, yeye anainama shambani anasema, "Huyu ana mtoto, na hakuja kula, alikuwa anapita tu kwenda mtoni." Watu wanaogopa, yeye anasoma. Kumbe ni kazi ile ile.

Basi Jumamosi nikaichukua barua yako nikaisoma kama hadithi ya Mwalimu. Nikasema, Mwanahawa, usimshike mke mdogo. Tazama.

Uliandika kwamba sandukuni zimebaki doti mbili mpya za khanga, hata karatasi hazijatolewa, na bangili ya fedha ya Bibi. Kilichokosekana ni bafta, na pamba, na karafuu maiti, na ile chupa ya marashi. Uliiandika wewe mwenyewe, ukapita. Mwizi gani anaacha bangili akachukua pamba? Na mchawi marashi ya nini? Nikakaa na hilo mpaka uji ukaungua. Kilichobaki ni vya walio hai, kilichokwenda chote ni cha maiti. Nikasema, basi kilikwenda kwa maiti.

Nani alikufa? Hapo nikatoa barua zako za nyuma, ninazo zote chini ya godoro. Aliyekufa ni Bi Fatuma, mke wa Mzee Mpili, wiki ile ya mvua kubwa. Uliniandikia kwamba barabara imekatika, lori haliji, dukani hata sukari hamna. Ukamsifu Mzee Mpili, ukasema amejaaliwa, sanda ya mkewe alikuwa ameiweka mwenyewe. Mie nikasema alhamdulillah nikapita. Lakini barua iliyotangulia hiyo ulikuwa umenihadithia jinsi tembo walivyoibomoa nyumba ya Mzee Mpili wakitafuta mahindi, wakasaga sanduku na vyungu, yeye na mkewe mgonjwa wakalala kwa jirani juu ya mkeka wa kuazima. Sasa nambie, Zuhura. Mkeka wa kuazima, sanda ya akiba?

Na nani waliomwosha? Uliniambia, maji yalikuwa yamezunguka nyumba, wewe ulikuwa kwenye dungu unafukuza nyani, kwa hiyo kuosha waliingia wawili tu. Bibi yako, kwa kuwa ndiye mwosha wa wanawake wa hapo miaka yote, na Rehema wa kumimina maji.

Hapo nikaikunja barua, mwanangu. Mie niliwahi kumimina maji na Bibi yako, nikiwa mbichi katika nyumba ile, wewe hujazaliwa. Mlangoni alinishika kidevu hivi, akanambia, "Mwanahawa, maji haya yakishamwagika, na maneno yamemwagika. Ulichokiona humu kikufie moyoni. Amsitiriye maiti, Mungu humsitiri." Sijawahi kusema nilichokiona siku ile. Baba yako aliniuliza, sikumwambia. Wewe ukiniuliza sikwambii. Na Rehema naye amepitia mlango ule ule, ameshikwa kidevu kile kile.

Unaona? Mkamwambia aape kwamba mkono wake haukuigusa sanda. Angeapaje, na mikono yake ndiyo iliyoitoa kwa amri ya Bibi, ikaikunjua, ikaivisha? Mwizi wa kweli angeapa upesi mkamwacha. Yeye hakuthubutu kumdanganya Mungu, na hakuthubutu kumvua maiti nguo mbele yenu. Sisi tumekichukua kimya cha kwenye josho la maiti tukakiita kimya cha mwizi.

Utaniuliza, na Bibi je? Kwa nini asiseme? Hapo ndipo roho inaponiuma zaidi. Uliniandikia kwa kucheka kwamba anatia chumvi mara mbili, na kwamba siku moja alikuuliza mbona baba yako hajarudi shamba na jua linazama. Baba yako ana miaka sita kaburini. Mkacheka. Na mie nilicheka, usijilaumu. Lakini ulivyoandika, Rehema mwanzoni alisema neno moja, "Muulizeni Bibi," na Bibi akalia, "Mie nimeibiwa!" Rehema akanyamaza tangu siku hiyo. Alimwangalia Bibi akaelewa kwamba amesahau. Angesema nini tena? Angesema Bibi aliitoa mwenyewe, mngesema anamsingizia bibi kizee wazimu. Mtoto wa watu amebeba siri ya maiti kwa mkono mmoja, na aibu ya Bibi yetu kwa mkono wa pili.

Jioni nikamhadithia Mwalimu kama hadithi tu, sikutaja jina wala kijiji. Akasema, "Huyo mpelelezi wako bado hajui. Anadhani. Akidhani, aende akatazame." Nadhani alijua si hadithi. Hakuniuliza.

Basi jana Jumapili nikamwacha na jirani, nikaenda Nyamwage. Mzee Mpili yuko huko kwa dada yake tangu hitima ilipokwisha, miguu imemvimba, hatembei. Nilikuwa sijampa pole ya mkewe, kwa hiyo sikwenda kwa hila. Nimekaa ukumbini, dada yake ameniletea maji, na mzee amejikunja kitandani kama kifurushi.

"Mama Zuhura, umekuja kuona kama nami nimeshakwenda?"

"Nimekuja kukupa pole, baba. Nimechelewa, mvua."

"Pole haichelewi. Mambo ndiyo huwahi."

Tukazungumza ya mvua, ya tembo, ya mahindi yake. Sikuuliza kitu. Wallahi nilikuwa na swali limejaa mdomoni, nikalimeza na maji. Nikasema tu, "Mama mkwe anakusalimu." Naye akageuza uso ukutani. Mabega yakawa yanatikisika.

"Mwanamke yule," akasema. "Mwanangu, mie nimekuwa mtu wa kutoa. Msiba wa nani hapo Mloka sikutoa? Siku yangu ilipofika sikuwa na hata kitambaa cha kumfunga kidevu mke wangu. Mama mkwe wako akanambia, toka nje, Mpili, ukawaambie watu sanda ipo. Akaniambia, na neno hili likitoka kinywani mwako nitakudai kesho akhera. Leo limenitoka. Utanisamehe kwa niaba yake?"

"Halijatoka, baba. Mie sikusikia kitu."

Akacheka na machozi yake. "Wewe umekaa na yule mama mpaka umekuwa yeye."

Na mie, Zuhura, sikumwambia kwamba kwa ajili ya sanda ile kuna mtoto anasomewa Ijumaa. Nilikosea? Njia nzima nimejiuliza. Lakini nilimtazama miguu. Ningemwambia, angejikokota mpaka barabarani, akaja kusimama mbele ya wanaume wa Mloka aseme mke wangu alizikwa kwa nguo ya sadaka. Asingerudi mzima. Na Bibi yako angejua, katika siku ambayo akili yake imetulia, kwamba lile tendo lake jema limepigiwa baragumu.

Kwenye hadithi za Mwalimu, mwisho mpelelezi anawakusanya wote ukumbini, anaeleza mwanzo hadi mwisho, kila mtu anatua mzigo. Nikiwa kwenye gari kurudi Kibiti niliwaza, mie nitamkusanya nani? Nikieleza, namwokoa Rehema, namvua Bi Fatuma kaburini, namvunja Mzee Mpili, na namtangaza Bibi yenu kwamba hana akili tena. Nisipoeleza, Ijumaa inafika. Hadithi zile hazikunifundisha hapo. Mle maiti hana jirani.

Basi nimeamua hivi, na wewe utanifanyia.

Pamoja na barua hii Mama Asha ana kifurushi. Ni bafta, mpya, nimeinunua leo asubuhi, na pamba na karafuu maiti na marashi. Usimfungulie mtu. Mchukue Bibi mkono, mchukue na Rehema, mwingie chumbani watatu tu, mvitie sandukuni mbele ya macho ya Bibi, yeye mwenyewe afunge kufuli. Atulie, asilie tena. Rehema usimwulize lolote. Mwambie tu, "Mama anasema anakushukuru kwa kumimina maji." Ataelewa.

Kisha mwambie Shabani kisomo kisimame. Mie sibishani na Halbadiri, kisomo hakikosei, sisi ndio tunaokosea kukituma. Mnataka imshukie aliyeitoa sanda sandukuni. Basi mjue mnamsomea Bibi yenu aliyewalea, na tumbo lenye mtoto wenu. Hilo la mwisho usimwambie, linatosha kulijua wewe. Yeye mwambie maneno haya, nayaandika kama nitakavyoyasema: mama anajua sanda ilikokwenda. Akiuliza ilikwenda wapi, sema mama amekataa kusema. Akiuliza nani aliitoa, sema amwulize mama. Na akisema bado anataka kusoma, sema mama amesema aanze kunisomea mie niliyemzaa, kwa jina langu, mbele ya msikiti.

Najua watakachosema wakiiona bafta inatoka kwangu. Watasema, kumbe ni mama. Mwenyewe aliiba, ameogopa kisomo, amerudisha. Wacha waseme, mwanangu. Usinitetee. Mie niko mbali, maneno yakinifika huku yameshachoka njiani. Rehema yumo humo humo ndani, anakula nao, anakoga nao, na anajifungulia mikononi mwao. Na kama Shabani atakasirika nami mwaka mzima, mwaka utapita.

Ningekuja mwenyewe. Jumatano ndiyo siku ya Mwalimu kupasuliwa jicho, hana mtoto hana ndugu, nimemwahidi nitamshika mkono mpaka mlangoni na nitakuwepo atakapofunguliwa kitambaa. Siwezi kumwacha gizani.

Jambo moja zaidi, ni langu mie, si la watu. Ukipata faragha na Rehema, mwambie kuna siku mbili mama mkwe wake alimdhania vibaya, na anamwomba radhi. Asinijibu kama hataki. Lakini aambiwe.

Nisalimie shangazi yako Mwanaisha, dada wa marehemu baba yako, mwambie jembe lake nililoazima nalikumbuka. Nisalimie mjomba wako mwadhini, na somo yako aliyekucheza unyago, na Ustadhi pia, hana kosa, aliitwa akaja. Mbusu Sofia kwenye lile pengo. Barua hii ukiimaliza itie jikoni, iungue yote, usibakize hata kipande.

Basi la Mloka linaingia Kibiti Alhamisi. Mpe kondakta karatasi, hata iwe na neno moja, kisomo kimesimama au hakikusimama. Nitakuwa stendi tangu asubuhi. Zuhura, mwanangu, usingoje upate maneno mazuri ya kuniandikia. Nijibu haraka.

Mie mama yako,
Mwanahawa